Atajaza kwa Mkono wa Nani

Wiki iliyopita nilipeleka sare ya mwanangu kwa fundi cherehani apunguze kiuno. Nilimkuta ameifungua mashine yake anaipaka mafuta, yale mepesi ya kwenye kichupa chenye mdomo mrefu, na harufu iliponifikia nikasahau nilichokwenda kufanya. Fundi akaniuliza mara ya pili, "Dada, tunapunguza kiasi gani?" Nikamwambia akadirie mwenyewe. Nilitoka pale, na sikuwa na wa kumweleza, maana utaanzaje kumwambia mtu kwamba mafuta ya cherehani yanakukumbusha bastola.

Marehemu baba alikuwa akinukia hivyo. Alikuwa mlinzi pale Runzewe, kwenye kampuni ndogo iliyowasindikiza wanunuzi wa dhahabu kwenda machimboni na kurudi. Bastola yenyewe hakuja nayo nyumbani hata siku moja. Aliichukua ofisini akiingia kazini, akairudisha akitoka, na kabla ya kuirudisha ilibidi aifute na kuipaka mafuta, kwa hiyo kilichofika kwetu ni harufu tu, kwenye vidole vyake na kwenye mkanda. Kwa pua nilijua amerudi, kabla ya kumwona. Baba za wenzangu walinukia jasho, sigara au ng'ombe. Wangu alinukia mafuta yale, na niliamini ndiyo harufu ya mtu mwenye kazi ya maana.

Tuliishi wawili, chumba kimoja, kwenye nyumba ya Mama Kulwa, mjane mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya soko. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo sana, kiasi kwamba simkumbuki hata kidogo, na watu wanaponipa pole kwa hilo huwa naona haya kidogo, kama vile napokea zawadi isiyo yangu. Jina nililopewa ni la bibi mzaa baba. Kwa hiyo baba aliniita mayu, mama kwa Kisukuma chetu, na kila jioni alipoingia alivua kofia, akainama, akasema kwa heshima zote, "Shikamoo, mayu." Nami nikiwa nimekaa juu ya ndoo niliyoigeuza kichwa chini najibu, "Marahaba, mwanangu. Umeshindaje?" Mama Kulwa alisema iko siku tutamkosea Mungu kwa mchezo ule, lakini alisema huku anacheka.

Mchezo ulikuwa mfupi. Baba alirudi hoi na kuondoka alfajiri, na sehemu yote iliyobaki ya siku ilikuwa yangu peke yangu. Nilitoka shule, nikavua ufunguo niliouvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, nikafungua, nikala kiporo, nikakaa. Kulwa na Doto, mapacha wa mwenye nyumba, walikuwa wameshakuwa vijana na kutwa walishinda na mama yao sokoni. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, yananguruma tangu asubuhi. Umeme ulipokatika na yenyewe yakanyamaza, ndipo niliposikia jinsi chumba chetu kilivyokuwa kimya. Hapo nilianza kuongea ili kuwe na mtu anayeongea. Nilikuwa najisalimia kwa sauti ya baba, halafu najiitikia kwa sauti yangu.

Ndipo nikagundua banda la video. Nyinyi wa rika langu mnalikumbuka: kuta za turubai, mabenchi ya mbao za mirunda, televisheni ya chogo juu ya meza ndefu, na mtafsiri aliyeingiza maneno yake ya Kiswahili juu ya filamu, mengine yalikuwemo na mengine aliyatunga. Mwenye banda aliniachia nikae chini mbele kabisa bila kuniuliza kitu. Nadhani ni kwa sababu baba yangu alikuwa na bastola na mtu hajui ya kesho. Kule kila mtu alimwita shujaa wa filamu steringi, na mimi niliyekuwa nimejifunzia Kiswahili shuleni, nyumbani tukiongea Kisukuma, nilidhani Steringi ni jina la mtu. Nilishangaa tu jinsi alivyobadilika sura kila siku. Leo Mchina, kesho Mzungu, keshokutwa ana ndevu. Nilimheshimu sana kwa hilo.

Siku moja Steringi aliingia kwenye ukumbi uliojaa maadui, akafungua koti, akachomoa bastola mbili. Alinyoosha mikono yote miwili, mmoja huku na mmoja huku, kama anayetaka kukumbatia watu, na wote wakaanguka. Watu bandani walisimama juu ya mabenchi. Mtafsiri akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Huku anatoa, huku anatoa, hana haja ya msaada mzee huyu." Yule alikuwa peke yake kuliko mimi, na hakuonekana kuumia. Nilitoka pale nimenyoosha mikono mpaka nyumbani, nailenga milango ya watu.

Jioni nilimngoja baba kwa swali.

"Baba, wewe unazo ngapi?"

"Ngapi nini?"

"Bastola."

"Moja. Na hiyo yenyewe ya watu."

"Steringi anazo mbili. Anapiga zote kwa mara moja."

Baba alikuwa anavua viatu. Akaacha kimoja mguuni, akanitazama. "Lisasi zikimwishia je?" Risasi aliitamka lisasi maisha yake yote, na mimi pia, mpaka mwalimu aliponitoa kwenye tabia hiyo.

"Anajaza nyingine."

"Atajaza kwa mkono wa nani? Mkono huu umeshika, mkono huu umeshika. Magazini ataichomoa kwa meno?"

Nilicheka mpaka nikaanguka kutoka kwenye ndoo. Alipoona nimefurahi akakolea. Akanipa vijiko viwili, akanisimamisha katikati ya chumba. "Haya, nyoosha mikono. Lenga ile kufuli mlangoni, na huku lenga mtungi. Vyote kwa pamoja. Umelenga?" Nikasema nimelenga. "Jicho lako liko wapi?" Nikasema liko kwenye kufuli. "Na mtungi nani anauangalia?" Nikahamisha jicho kwenye mtungi, na mkono wa kufuli ukashuka wenyewe bila kuambiwa. Baba akapiga goti lake kwa furaha.

"Umeona? Mtu ana macho mawili lakini yanakwenda mahali pamoja. Halafu bastola inapiga teke, mayu. Ukiipiga inaruka juu, inabidi uirudishe chini ndipo upige tena. Ndiyo maana sisi tulifundishwa kushika moja kwa mikono miwili. Steringi wako anashika mbili kwa mkono mmoja mmoja. Hapo anatafuta kelele tu."

"Mbona wote walianguka?"

"Wamelipwa waanguke."

Ninaikumbuka jioni ile neno kwa neno kwa sababu hatukuwahi kuongea sana vile. Baba hakuwa mtu wa maneno. Alinipenda kwa kunikatia kucha, kwa kunibakizia nyama, kwa kunifunika shuka miguuni, na mimi nilitaka maneno.

Masika yalipoanza, malaria ikanipata. Baba alikuwa amemsindikiza mnunuzi mmoja Kharumwa na gari likakwama kwenye tope, hakurudi siku ile wala kesho yake asubuhi. Nilijifungia kwa ndani kama alivyonifundisha, nikalala na ufunguo wangu shingoni. Nakumbuka dari iliyokuwa ikishuka na kupanda, na kiu, na ndoo ya maji ikiwa karibu na mlango, mbali kweli kweli. Niliita. Makarasha yalikuwa yananguruma, sauti yangu hata mimi sikuisikia vizuri. Mama Kulwa aliporudi sokoni aliukuta mlango wetu umefungwa vile vile alivyouacha asubuhi, akagonga, akagonga, kisha akamwita Doto avunje mlango.

Nilikuja kupata akili sawasawa nikiwa nimelazwa kwake, kwenye godoro nyuma ya pazia, mdomo mchungu wa dawa. Baba alikuwa ameshafika. Niliisikia harufu yake kwanza. Walikuwa wamekaa upande wa pili wa pazia na walidhani nimelala.

"Baba Mayu," Mama Kulwa alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo, "huyu mtoto angekufa na mlango umefungwa."

Nikasikia baba akisogeza kigoda. Kisha akasema, "Mtu hapigi bastola mbili kwa wakati mmoja, Mama Kulwa. Nimejaribu, nimeshindwa. Nikilenga kule, huku nakosa. Na nikisema nilenge huku, kazi hakuna."

"Mbona mimi niliwanyonyesha Kulwa na Doto kwa pamoja, huyu huku, huyu huku?"

"Wewe ulikuwa umekaa kitako. Mimi nakimbia."

"Basi mpeleke kwa dada yako Kolandoto."

"Nitampeleka," baba alisema. "Sina namna. Nitampeleka."

Wewe unayesoma umeshaelewa. Mimi sikuelewa. Mimi nilisikia bastola mbili, nilisikia nimeshindwa, nilisikia kazi hakuna, nikaunganisha mwenyewe nikiwa na homa. Wakubwa wake kazini walitaka walinzi wapige bastola mbili kama Steringi. Baba alijaribiwa akashindwa. Kwa hiyo atafukuzwa, na akifukuzwa hataweza kunilisha, na ndiyo maana nitapelekwa Kolandoto kwa shangazi nisiyemjua. Lile la kunyonyesha sikuliona linahusu nini, nikaliacha. Nililala pale nikimwonea baba huruma mpaka machozi yakaingia masikioni. Jioni ya vijiko aliniambia haiwezekani ili nisijue kwamba yeye ndiye aliyeshindwa.

Nilipopata nguvu ya kusimama niliamua kwamba haiwezekani ni neno la mtu ambaye hajafanya mazoezi. Nilitafuta makopo mawili ya nyanya, nikayapanga juu ya tofali nyuma ya choo, karibu na ua wa minyaa, nikasimama mbali kidogo na jiwe kila mkono. Ningejifunza mimi, halafu nimfundishe baba kidogo kidogo bila kumvunjia heshima.

Kama kuna mtu anataka kujua ugumu wa jambo hili, aniulize mimi. Kwanza mkono wa kushoto ni mvivu, unasubiri wa kulia uanze ndipo nao ufuate, kwa hiyo kopo la kulia linaanguka na jiwe la kushoto bado liko hewani linaelekea kwa jirani. Pili, jicho ni la kwake mwenyewe. Ukiliambia likae kwenye kopo hili, linachungulia lile, na linapochungulia, bega linafuata. Nilianza kufanya kila kitu kwa kushoto ili mkono ule ukue. Nilifagia kwa kushoto, nilichota maji kwa kushoto, na Mama Kulwa aliponikuta nakula kwa kushoto alinipiga kofi la mkononi na kuniuliza kama homa imenipanda kichwani. Sikumwambia. Ilikuwa siri ya baba, na mtu hatangazi aibu ya baba yake.

Baadaye nikagundua kwamba dawa yake ni kutoyaangalia makopo. Unaangalia katikati, pale pasipo na kitu, na unaacha makopo yakae pembeni yenyewe. Nilipofanya hivyo, mawe yalianza kupita karibu. Lakini kupita karibu si kupiga, na nilikuwa bado niko hapo hapo kwenye kupita karibu wakati baba alipokuja mchana siku ambayo hakutakiwa kuwa nyumbani, ameshika begi tupu.

"Mayu, tunakwenda kumsalimia shangazi."

"Sijawa tayari," nikamwambia.

"Nguo zako nitakusaidia kupanga."

"Si nguo, baba. Nipe siku kidogo."

Alipiga magoti akafungua zipu ya begi, na hakuniuliza siku za nini. Nadhani angeniuliza ningemwambia, na mambo yangekwenda tofauti, au yasingekwenda tofauti hata kidogo. Tulipanda basi la Shinyanga asubuhi. Njia nzima aliweka mkono wake juu ya kichwa changu, na mimi njia nzima nilikuwa nautazama mkono wake mwingine uliolala juu ya paja, nikiwaza jinsi ulivyo wa kushoto na jinsi tulivyochelewa.

Shangazi alikuwa mfuaji wa mashuka hospitalini pale Kolandoto, mwanamke mrefu asiye na mtoto, mwenye mikono iliyochakaa kwa maji. Alikuwa mwema. Nasema hivyo mapema ili mtu asitafute ubaya mahali usipokuwepo. Alinipikia uji wa karanga, alinishonea mto wangu mwenyewe, na jioni aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini akiwa anakaanga. Lakini na yeye alikuwa wa zamu. Nikawa nimetoka kwenye chumba cha mtu anayekwenda kazini nimeingia kwenye nyumba ya mtu anayekwenda kazini, tofauti ni kwamba hapa hapakuwa na makarasha. Palikuwa na upepo, na kuku, na shule ambako watoto waliniita wa machimboni. Mmoja alisema mtu mwenye bastola ni jambazi tu, hata kama amevaa kofia ya kampuni. Nilimpiga kwa kushoto. Ilisaidia kwamba hakutegemea upande ule.

Upweke wa Runzewe ulikuwa na jioni mwishoni mwake. Wa Kolandoto haukuwa na jioni. Jua lilizama na hakuna aliyeingia akivua kofia, na nilikuwa nimekaa tu kwenye ngazi ya jikoni mpaka shangazi aniite mara mbili. Sijui kama mtoto anaweza kueleza kitu hicho kwa mtu mzima. Mimi sikuweza. Nilisema tumbo linauma, na shangazi akanipa dawa ya minyoo.

Baba alipiga simu Jumapili, shangazi akiwa ametoka kanisani. Mtandao ulikuwa ukikatikakatika.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, mwanangu. Wamekufukuza?"

"Nani kasema? Nipo kazini."

"Basi vumilia. Wasikufukuze kwanza. Nakaribia kuweza."

"Kuweza nini?" aliuliza, na simu ikakatika. Shangazi alijaribu kumpigia tena, hakupatikana. Mimi nilifurahi kwamba bado hawajamfukuza, nikaenda nyuma ya jiko kupanga makopo yangu.

Nilifanya mazoezi kiangazi kile chote. Asubuhi kabla ya shule, mchana baada ya shule, mashuka ya shangazi yakipepea kwenye kamba, mawe yangu yakipasua hewa chini yake. Na siku moja, katikati ya mchana wa kawaida usio na lolote, nilitazama katikati, nikatupa, na makopo yote mawili yakaanguka. Mlio ulikuwa mmoja. Nilisimama pale nikisubiri mtu aseme kitu. Kuku mmoja alisogea, akarudi. Nikayapanga tena nikajaribu, nikakosa, nikajaribu, nikapiga. Ilikuwa kweli. Furaha ya jambo kubwa isiyo na wa kuiona ina uzito wake, nikaibeba mwenyewe mpaka baba alipokuja.

Alikuja wakati wa kubangua karanga za mbegu, bila kutupa taarifa. Alikuwa amekonda. Aliniletea mkate na jozi ya viatu vyekundu vyenye kifungo, na viatu vilinibana, kwa sababu alivinunua kwa kipimo cha mguu aliouacha. Nilivivaa hivyo hivyo, vidole nimevikunja, nikamshika mkono nikampeleka nyuma ya jiko.

"Kaa hapo," nikamwambia. "Angalia."

Mara ya kwanza kopo la kulia lilianguka na la kushoto likabaki. Baba akapiga makofi. Nikamwambia asipige, bado. Nikalirudisha kopo, nikachukua mawe mengine, nikatazama katikati, nikatupa. Yakaanguka yote.

Baba alicheka kile kicheko cha ile jioni ya vijiko. "Mayu, umemshinda Steringi. Nani kakufundisha?"

Sikumjibu, kwa sababu nilikuwa nimeshakimbilia ndani. Nilitandika kanga ya shangazi kitandani, nikatupia magauni yangu, daftari na mto, nikafunga fundo, nikatoka na kifurushi kichwani. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na beseni la karanga.

"Twende," nikamwambia baba.

"Twende wapi?"

"Runzewe. Si umeona nimeweza mbili? Nitakufundisha. Usiangalie huku wala huku, angalia katikati. Wakikujaribu tena utapita. Na kujaza nitakuwa najaza mimi, wewe shika tu."

Baba alimtazama shangazi, na shangazi akachukua beseni lake akaingia ndani taratibu. Baba akakaa kwenye ngazi. Akakitoa kifurushi kichwani kwangu akakiweka magotini.

"Nani alikwambia mimi nimejaribiwa?"

"Nilikusikia unamwambia Mama Kulwa. Nilikuwa nyuma ya pazia. Ulisema umeshindwa bastola mbili, na kazi hakuna."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika polepole vile. Alikuwa akilikuna fundo la kanga kwa ukucha wa kidole gumba, bila kulifungua.

"Mayu," alisema, "siku ile sikuwa naongea habari ya bastola."

"Ulikuwa unaongea habari gani?"

"Kulikuwa na kazi, na kulikuwa na wewe."

Upepo ulikuwa unayapigapiga mashuka. Nilihisi jambo lile likiniingia kutoka upande ambao sikuwa nautazama, na nilielewa kiasi cha kutosha kuumia. Kiangazi chote kile nilikuwa namfundisha baba kitu ambacho hakuna mtu aliyemtaka akijue.

"Kwa hiyo huku ulikokosa," nikauliza, "ni kwangu?"

Hakunidanganya. Mpaka leo namshukuru kwa hilo, ingawa siku ile ningependa anidanganye. "Ndiyo, mayu. Nilikosa huku kwako."

"Na sasa hivi?"

"Sasa hivi bado mimi ni mmoja."

Alilifungua fundo. Akatoa gauni la kwanza akalikunja juu ya goti, akalikunja vibaya, kama mtu anayekunja gunia, akatoa la pili. Nilikaa kwenye ngazi pembeni yake, nikavua viatu, nikayachukua yale aliyokwisha kuyakunja nikayakunja upya. Nguo zilipokwisha ilibaki kanga, na kanga ni ndefu kwa mtu mmoja. Akashika pindo la huku, mimi nikashika la huku, tukasogeleana, tukaachana, tukasogeleana tena mpaka ikawa ndogo. Kisha akavibeba vyote akaingia navyo ndani, na nikasikia mfuniko wa sanduku la shangazi ukifungwa.